Kipande cha Manila

Mpwa wangu anajiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani. Juzi usiku nilikaa kando yake akifanya mazoezi kwenye simu. Swali lilitaka dhana ambayo hoja inaitegemea bila kuitaja. Kidole chake kilishuka moja kwa moja kwenye majibu, kikayaruka mawili yenye neno "zote", kikabonyeza la tatu. Kijani kikawaka.

"Umepatia," nikamwambia. "Sasa hoja ile ilinyamazia nini?"

"Mjomba," akanijibu kwa upole, "hapo hawaulizi."

Nami nilidhani hicho ndicho wanachouliza.

Mwalimu aliyenifundisha mantiki Mombasa, Mungu amrehemu, hakuwa na haraka hiyo. Alikuwa na kipande cha manila alichokikata mwenyewe, na kila swali alilianza kwa kuyafunika majibu yote matano. Majibu, alisema, yametungwa na mtu anayetaka kukupoteza. Usimsikilize huyo kabla hujamsikia mwenye hoja.

Maswali ya LSAT aliyatunga upya kwa Kiswahili na kuyavisha mambo ya kwetu. Moja silisahau. Wavuvi wa kijiji fulani waliacha nyavu za macho madogo. Baada ya miaka 3 samaki wakaongezeka. Kwa hiyo kuacha nyavu zile ndiko kulikorudisha samaki. Alisoma mara mbili, kisha akanyamaza, nasi tukasikia mikokoteni ikipita nje. Mmoja wetu akakimbilia kusema lazima wavuvi wote walitii. Mwalimu akatikisa kichwa: hata wangetii wengi tu, hoja ingesimama. Mwingine akasema samaki wakubwa wana bei nzuri. Ni kweli, akajibu, ila hoja haikuhitaji kweli hiyo.

Ndipo binti mmoja asiyependa kusema akauliza taratibu, "Na meli kubwa za uvuvi, miaka ile zilikuwa bado zinakuja?"

Mwalimu akatabasamu, akakiondoa kile kipande. Jibu lilikuwa pale chini likitungoja: meli kubwa hazikuacha kuvua eneo lile katika miaka hiyohiyo.

Kisha akatuonyesha namna ya kulipima. Likanushe, alisema, uone kama nyumba inabaki wima. Sema meli ziliondoka, na papo hapo hujui tena ni nini kilichorudisha samaki. Sema samaki wakubwa hawana bei, na hoja haitikisiki hata kidogo. Alikuwa kama seremala anayegonga boriti moja moja akitega sikio, mpaka aijue ile inayobeba paa.

Ufundi huu ni wa kale. Aristotle aliandika kwamba msemaji huliacha jambo linalojulikana, kwa sababu msikilizaji atalijaza mwenyewe. Mwaka 1958 Mwingereza Stephen Toulmin alionyesha kuwa kati ya ushahidi na dai kuna daraja ambalo mara nyingi halitamkwi. Nasi watu wa mafumbo tulikuwa na sikio hilo bila kitabu. Jirani akisema tu, "Mwanao siku hizi amekuwa mkubwa," mama wa zamani alijua kuna shtaka ndani ya sifa ile, akamwita mwanawe amuulize amefanya nini.

LSAT yenyewe ilianza mwaka 1948, na tangu Agosti 2024, mafumbo ya kupanga vitu yalipoondolewa, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za kupima hoja. Kila moja ina maswali yapatayo 25 kwa dakika 35. Mwalimu aliijua saa hiyo, na alitupima kwayo miezi ya mwisho. Lakini kwanza alitulea kwenye ukimya. Mbio, alisema, ni za anayeijua njia.

Leo tumeanza na mbio. Vijana wanafundishwa kunusa maneno: hili lina "zote", likimbie, lile lina "baadhi", lichukue. Na ugonjwa huu haukuishia chumba cha mtihani. Redioni mtu anatangaza kwamba shule fulani imefaulisha kwa sababu ina viboko, simu zinapigwa kumuunga mkono na kumpinga, na hakuna anayeuliza kama shule ile huchagua wanafunzi wa kuwapokea. Tumejua kubishana juu ya yaliyosemwa. Yale yasiyosemwa tumeyaacha yatutawale.

Kile kipande ninacho. Ukingo mmoja umekuwa mweusi kwa kidole gumba cha mwalimu. Usiku ule nilimpa mpwa wangu, naye kwa heshima akakiweka juu ya simu, chini kidogo ya swali. Akagusa kioo. Swali likapanda, majibu yakachomoza juu ya manila moja baada ya jingine, na kipande kikabaki palepale, kikifunika mahali ambapo majibu hayapo tena.