Korosho Kitandani

Nyumbani kwa bibi yangu, Msambweni, leso haikuwa ya kujifunga tu. Ndiyo iliyokuwa pazia la mlango, mbeleko ya mtoto, na kawa la sinia la mahamri. Kitanda chake cha futi nne kwa sita hakikuenewa na leso moja, kwani leso ina kama mita moja na nusu kwa urefu na mita moja na kidogo kwa upana. Akaikata doti, akaziunga mbili ubavu kwa ubavu. Pindo la hii likakutana na pindo la ile katikati ya kitanda, korosho zilizochorwa huku zikatazamana na korosho za kule, kama njia ya miguu baina ya mashamba mawili. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba aliyeuchora mchoro ule alikuwa ameshaifikiria siku hiyo.

Itandaze leso sakafuni uitazame vizuri. Pindo huzunguka pande zote nne, jina, yaani fumbo lake, hukaa chini kwa herufi kubwa, na uwanja wa katikati huitwa mji. Neno hilo hunifurahisha kila mara. Mchoraji hodari hausongi mji wake. Huacha nafasi, ili nguo ikikunjwa kiunoni au ikining'inia mlangoni, jicho lipate pa kupumzika.

Korosho ni umbo la tone lililoinamisha kichwa. Lilitoka Uajemi na Bara Hindi, ambako wengi huliona embe. Watu wa pwani walipoliona, wakakumbuka kile kinachoning'inia chini ya bibo. Mkorosho nao haukuzaliwa hapa. Ni Wareno walioutoa Brazili. Leo mikorosho imeota Kwale kama iliyokuwapo tangu hapo, na mchoro wa ugenini unaitwa kwa tunda lake. Sijui namna bora zaidi ya kuumiliki mchoro kuliko kuupa jina la kitu kilichopo uani kwako.

Hata leso yenyewe ilianzia mikononi mwa wanawake. Neno ni la Kireno, la kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 vitambaa hivyo viliuzwa kwa jora. Wanawake wa pwani wakavikata na kuviunga sita, vitatu juu ya vitatu, wakapata nguo moja. Wafanyabiashara walikuja baadaye kuichapa nzima. Wao tunawajua: chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ni ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Mchoraji je?

Huko Ufini, mchoraji wa vitambaa Maija Isola alichora maua makubwa ya Unikko mwaka 1964, ingawa Armi Ratia, mwenye kampuni ya vitambaa ya Marimekko, alikuwa amekataa maua. Kitambaa hicho leo ni pazia na shuka katika nyumba nyingi duniani, na ukingoni mwake limepigwa chapa jina la Isola. Leso zetu zina jina la fumbo na jina la duka. Natamani kuona na la tatu, hata kwa herufi ndogo, pembeni mwa pindo.

Maana kazi ile si ndogo. Kila rangi huchapwa peke yake, na moja ikiteleza kwa unene wa uzi, nyekundu huuacha mstari wake na weupe huchungulia. Bibi hakununua leso dukani Ukunda kabla hajaipeleka mwangani na kuigeuza nyuma. "Tazama ncha ya korosho," alikuwa akiniambia. "Ikiwa na ukungu, rudisha."

Leso ile ya kitandani ninayo mimi sasa. Wekundu wake umekuwa wa tofali, na mshono wa kati umerudiwa kwa uzi usiofanana. Nikiitandika huanzia pale kati, nikalinganisha korosho na korosho, ndipo nivute pembe.