Kufuli Mkononi, Usingizi Machoni

Julai 2019, Luis Henriques, mhandisi wa SUSE, alituma viraka vinne kwa watunzaji wa Ceph, mfumo wa faili unaosambaza data kwenye mashine nyingi. Sehemu ya mteja ya Ceph imekuwemo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.34 la mwaka 2010. Kilichomchokoza ni jaribio generic/117 la fstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili: kerneli ililalamika kwamba funksheni inayoweza kulala imeitwa mahali pasiporuhusu kulala. Anwani iliyotolewa ilikuwa mm/vmalloc.c, mstari wa 2283.

Anwani hiyo inapotosha. Faili hilo ni la usimamizi wa memori, halijui lolote kuhusu Ceph, na kosa halimo humo.

Kwanza, kwa nini kulala ni hatari? Kosa hili lilitokea kufuli la aina ya spinloki likiwa limeshikwa, na mbele ya spinloki wanaongoja hawapumziki. Kila prosesa inayongoja inazunguka ikiuliza kufuli limefunguliwa au bado. Ni kama mtunza depo ya kakao mjini Beni aliyesinzia na ufunguo mfukoni, huku wenye magunia wamesimama mlangoni na mizigo mabegani. Kazi yote inasimama, na mashine inaweza kuganda kabisa.

Mchunguzi hufuata msururu wa miito kurudi nyuma. Aliyelalamikiwa ni vfree, funksheni ya kurudisha memori. Ameitwa kutoka ceph_buffer_release. Nayo imeitwa kutoka __ceph_setxattr, inayoandika sifa za ziada za faili. Hapo ndipo spinloki iitwayo i_ceph_lock ilipokuwa imeshikwa.

Ukisoma funksheni hiyo unaona aliyeiandika hakuwa mzembe. Bafa ikiwa ndogo, anaachia kufuli kwanza ndipo aombe kubwa zaidi, kwa sababu kuomba memori kunaweza kulaza. Akiisha kuipata anashika kufuli tena, anairudisha bafa ya zamani, anaweka mpya. Tatizo liko kwenye kule kurudisha. Tahadhari yote ilikwenda kwenye kuomba. Kurudisha kulionekana kazi nyepesi isiyoweza kumchelewesha mtu.

Na kwa muda mrefu hakukuwa na sababu ya kushuku. Bafa ndogo hupatikana kwa kmalloc, na kuirudisha hakulazi. Ni bafa kubwa, au ile iliyoombwa memori ikiwa imebanwa, inayopitia vmalloc na hatimaye vfree. Kisha Desemba 2016 Christoph Hellwig aligeuza kufuli la usafishaji wa vmalloc kuwa mutex, na mutex hulaza. Mwaka 2018 Andrey Ryabinin akaongeza ndani ya vfree ukaguzi wa might_sleep, unaopiga kelele hata siku ambayo usingizi wenyewe haukutokea. Bila mstari huo mmoja hitilafu hii ingeweza kukaa miaka, ikigandisha seva ya mtu mara moja moja bila kuacha ushahidi. Nauona mchango wa Ryabinin kuwa mkubwa kuliko unavyotajwa.

Dawa ilikuwa fupi. Kielekezi cha bafa ya zamani kinawekwa kwenye old_blob, kufuli linaachiwa, kisha ceph_buffer_put, inayoirudisha bafa, inaitwa.

Mwanafunzi wa Butembo mwenye kompyuta moja yenye memori ya kutosha anaweza kuliona kosa hili kwenye kerneli ya kabla ya dawa hiyo, bila chumba cha seva: hati ya vstart.sh huwasha Ceph nzima kwenye mashine moja, na kerneli ikijengwa na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP ndipo ukaguzi wa might_sleep unafanya kazi. Wasambazaji wengi huuzima kwenye kerneli za kawaida, kwa hiyo lazima ajenge ya kwake.

Henriques hakuishia kwenye __ceph_setxattr. Alirekebisha pia kasoro ileile, ceph_buffer_put kuitwa kufuli likiwa mkononi, kwenye fill_inode na __ceph_build_xattrs_blob. Hii ya mwisho haishiki kufuli yenyewe, huitwa na aliyekwisha kulishika. Ikabidi ibadilishwe imrudishie mwitaji bafa ya zamani, aitoe mwenyewe baada ya kufungua.