Tamthilia Tunaandika, Jukwaa Tunamwachia Nani?

Ndugu msomaji, kila nikisoma miswada ya tamthilia za vijana wenzangu wa Tunduma, Vwawa na Mlowo nakutana na ugonjwa ule ule. Maneno yapo tele, tena matamu. Lakini ukiuliza, "Huyu mama amekaa wapi wakati anasema haya?" unajibiwa, "Sebuleni." Sebule ya nani? Ina milango mingapi? Hapo kimya. Meza, viti viwili, pazia la maua, kazi imekwisha. Ukibana sana, utaambiwa mshiko hakuna.

Mimi hoja hiyo siikubali, na shahidi wangu namtoa mbali.

Boris Aronson, Myahudi mzaliwa wa Kyiv, alihamia New York mwaka 1923 na kuanza kutengeneza mandhari ya jukwaani kwenye majumba ya tamthilia za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wayahudi wapatao milioni sita wakiwa wameuawa, wasanii walibaki na swali zito: msiba wa namna hii unauwekaje jukwaani? Utachora maiti? Utamwaga rangi nyekundu?

Mwaka 1955, The Diary of Anne Frank ilipoonyeshwa Broadway, Aronson alijenga makao ya darini tu, wanamojificha watu wanane wasikamatwe na Wanazi. Vyumba vyote unaviona kwa mpigo, vimebanana, paa limeinama. Nje yanaonekana mapaa ya Amsterdam, mji ambao hawathubutu kuukanyaga. Hapo hofu haihitaji hotuba. Nyumba yenyewe inaisema.

Mwaka 1964 akaja na Fiddler on the Roof, kisa cha Tevye muuza maziwa kilichotokana na hadithi za Sholem Aleichem. Kijumba cha Tevye kilikaa kwenye jukwaa linalozunguka, na kijiji kikakizingira kama duara. Mtazamaji analizoea duara lile. Siku wanakijiji wanapofukuzwa, duara linavunjika, naye anahisi kama kwake ndiko kunakobomolewa.

Hapa lakini nina ugomvi naye. Picha za onyesho lile zinakumbusha michoro ya Chagall, na uzuri wake umezidi. Umaskini wa kijiji unapendeza mno. Najua, marehemu hasemwi vibaya, na kijiji kile kilikuwa marehemu. Ila kati ya kazi hizi mbili, mimi nachagua dari la 1955. Lile halimbembelezi mtu.

Mtasema hayo ni ya Marekani, kwa wenye mapesa. Haya, njooni Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wao wa wazi kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Vijana walianza kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini kama ramani. Likatoka jukwaa la nusu duara, nyuma yake ukuta wa mianzi. Novemba mwaka huo huo mchezo ukapigwa marufuku, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa na serikali. Mianzi, jamani! Nani anapeleka askari kubomoa pambo? Walijua jukwaa lile linasema.

Sasa sisi wa mpakani tunalia nini? Tunduma ina malori, maturubai, mbao za mizigo. Unavuka hatua chache uko Nakonde, nchi nyingine, na pengine shangazi yako anaishi huko. Ning'iniza turubai moja chini kiasi kwamba mwigizaji akisimama lazima ainame, umepata dari la Aronson. Vuta kamba katikati ya jukwaa, mama upande huu, binti upande ule, na usimruhusu yeyote aivuke mpaka mwisho. Gharama yake ni kamba tu.

Kwa hiyo, ndugu chipukizi, kabla ya mhusika wako kufungua mdomo, piga magoti chini na kiberiti chako. Panga njiti. Mlango uko wapi? Nani haruhusiwi kuupita? Ukishindwa kujibu, usianze kuandika, maana tamthilia yako bado haijapata pa kukaa.

Kalamu kwenu.