Uhura na Lugha Yake: Maoni juu ya Mchezo wa Televisheni "Star Trek: Strange New Worlds"

Wako wasomaji watakaoshangaa kuona kwamba jarida la walimu wa Kiswahili limetoa kurasa zake kwa mchezo wa televisheni wa Kimarekani, tena mchezo wa merikebu zipaazo angani na viumbe wenye masikio yaliyochongoka. Tumezoea kujadili humu diwani, riwaya na tamthilia za watu wa kwetu, na hatuna nia ya kuiacha desturi hiyo. Lakini liko jina moja lililotoka katika lugha yetu ambalo limezunguka dunia nzima tangu mwaka 1966, likatamkwa na watu wasiojua hata kusema "hujambo". Jina hilo ni Uhura. Mwenye jina amerudishwa katika mchezo mpya, akapewa nafasi kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo, na kazi aliyopewa ni ile ile tuifanyayo sisi kila siku, yaani kazi ya lugha. Tukinyamaza sisi, nani atasema?

Kwa wale ambao hawajauona ukoo huu wa michezo, yafaa tueleze kidogo. Star Trek iliasisiwa na Gene Roddenberry, ikaanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mchezo wa kwanza ulidumu miaka mitatu tu, sehemu 79, kisha ukakatizwa. Hata hivyo haukufa: ulizaa filamu za sinema na michezo mingine mingi ya televisheni, kila mmoja ukichukua merikebu yake na nahodha wake. Strange New Worlds, ulioanza tarehe 5 Mei 2022, ni mjukuu aliyerudi nyumbani kwa babu. Merikebu ni ile ile Enterprise ya zamani, ila miaka kadhaa kabla ya kushikwa na nahodha Kirk. Anayeiongoza ni Christopher Pike, mhusika aliyeumbwa kwa ajili ya sehemu ya majaribio iliyoanza kupigwa picha mwishoni mwa 1964, ambayo wakubwa wa televisheni waliikataa. Basi huu ni mchezo uliojengwa juu ya msingi uliotupwa na waashi.

Kwa upande wa fani, tunausifu bila kusita. Michezo kadhaa ya karibuni ya ukoo huu, hasa Discovery ya mwaka 2017, ilikuwa na msuko mmoja mrefu uliomlazimu mtazamaji kukumbuka mambo ya majuma kumi nyuma. Strange New Worlds umerudia mtindo wa masimulizi ya jioni: kila sehemu ina kisa chake, kinaanza na kwisha usiku ule ule, huku tabia za wahusika zikiendelea kukua kutoka kisa hadi kisa. Anson Mount anamcheza Pike kama mtu aliyekwisha kuonyeshwa msiba utakaompata, naye anaendelea kuwapikia chakula walio chini yake na kula nao meza moja. Nahodha mwenye kushika mwiko si jambo dogo, na mchezaji huyu analifanya bila kuchekesha. Kuhusu ile sehemu ya mwaka 2023 ambamo wahusika wote wanajikuta wakiimba badala ya kusema, tutasema tu kwamba ilitufurahisha kuliko tulivyotarajia.

Sasa tuje kwa Uhura. Nichelle Nichols, aliyemcheza tangu mwaka 1966, alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya ya mwaka 1962 inayohusu Kenya. Neno likapendwa, likageuzwa irabu ya mwisho ili lisikike kuwa la kike. Hapa mwalimu yeyote atatabasamu. Katika lugha za Ulaya kusini irabu "a" huweza kuwa alama ya mwanamke, lakini katika Kiswahili haina kazi hiyo. Baba na mama huishia kwa irabu moja na kuchukua upatanisho mmoja. Neno "uhuru" lenyewe limejengwa juu ya "huru", lenye asili ya Kiarabu, na u ile ya mwisho ni sehemu ya shina. Ukiivunja, humpati mwanamke wala mwanamume. Unapata neno lisilo na maana. Jina la kwanza la mhusika huyu lina heri zaidi: anaitwa Nyota, jina lililotajwa katika filamu kwa mara ya kwanza mwaka 2009, nalo ni Kiswahili safi, linalokaa vizuri kwa mtu aishiye angani.

Tusidharau, lakini, mambo yaliyofanywa na mchezo ule wa kale. Katika sehemu ya kwanza kabisa iliyoonyeshwa, kiumbe mwenye uwezo wa kugeuza sura anamwendea Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Ni Kiswahili cha kujikwaa, lakini hila yenyewe ni ya kufikirisha: kiumbe yule amechungulia moyo wa mwanamke aliye mbali na kwao, akaona kwamba chambo kitakachomnasa ni sauti ya lugha yake. Mwaka uliofuata, katika sehemu iitwayo "The Changeling", mashine moja inamfuta Uhura kumbukumbu zake zote. Anawekwa kitandani kufundishwa upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza. Anapokwama juu ya neno moja anakasirika, na hasira zinatoka kwa Kiswahili. Yaani elimu yote imefutika, cheo kimefutika, na lugha imebaki. Sisi tuliofundisha watoto kusoma tunajua ukweli uliomo katika tukio lile dogo. Bila shaka, kabla ya sehemu kwisha mtu huyu ameanza kuelekea kazini kana kwamba hakikumpata kitu, na kwa muda uliobaki wa mchezo ule kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwenye simu za merikebu na kutangaza kwamba njia ziko wazi.

Mchezo mpya unamchukua Uhura akiwa bado mwanafunzi, akichezwa na Celia Rose Gooding. Tunasema wazi kwamba huyu ni mchezaji bora. Anaweza kuonyesha aibu, akili na huzuni katika kutazama kumoja. Sehemu ya pili, "Children of the Comet", ni yake. Katika chakula cha nahodha anaeleza kwamba ni mzaliwa wa Kenya, kwamba anazijua lugha 37, na kwamba aliingia kazi hii baada ya wazazi wake na ndugu yake kufa katika ajali ya chombo. Ndipo anaposema maneno yaliyotufanya tusimamishe picha na kuirudisha nyuma. Kenya, anasema, ina lugha 22 za wenyeji, naye aligundua kwamba akizungumza na watu kwa lugha yao ya mama wanamwitikia kwa namna nyingine kabisa, mioyo inakutana.

Kwanza, hesabu. Leo Kenya ina lugha zaidi ya 40. Kama mwandishi wa mchezo alikosea, ni kosa la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu na kusahauliwa. Lakini kisa hiki kimewekwa katika mwaka 2259. Kama hakukosea, basi ametuambia, katikati ya mlo na vicheko, kwamba karibu nusu ya lugha za nchi ile zimekufa, na hakuna hata mmoja mezani aliyeacha kutafuna. Hatujui kosa lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Hakuna mwalimu atakayepinga kwamba lugha ya mama hufika mahali ambapo lugha nyingine hazifiki. Hata hivyo, katika maneno ya Uhura lugha ya kuunganisha inabaki na nafasi gani? Inabaki kama daraja la mbao, la kupitia tu, na yule mwenye moyo na ajifunze lugha za pande zote mbili. Falsafa hiyo inamfaa mtu mwenye kipaji cha lugha 37. Haimfai mchuuzi wa soko la mpakani, mwenye kipaji cha lugha tatu na watoto watano. Kwetu Uganda tumeishi na mjadala huu maisha yetu yote. Kiswahili kiliambiwa ni lugha ya askari, kisha kikaambiwa ni lugha isiyo ya mtu, kisicho na kwao, chakavu, cha kutolea amri na kuulizia bei. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado mzazi akija shuleni hutuuliza kitamfaa nini mtoto. Sasa anatokea Mkenya mwenye jina lililochongwa kutoka Kiswahili, aliyekitumia katika hasira zake mwaka 1967 kama lugha ya ndani kabisa, na miaka hamsini na mitano baadaye anatufundisha kwamba moyo uko kwingine.

Na tazameni kisa kinavyofumbuliwa. Nyota yenye mkia inaelekea kuigonga dunia ya watu wasio na habari. Ndani yake mna jengo la kale lenye alama zisizosomeka. Uhura anaimba kwa sauti ya chini, na jengo linaitika. Kumbe lugha yake ni muziki. Ni tukio zuri, lililopangwa kwa uangalifu, na uso wa Gooding anapotambua kwamba anasikilizwa unastahili kutazamwa mara mbili. Lakini lugha zote 37 zimewekwa kando, Kiswahili kikiwa kimojawapo. Kilichookoa watu ni sauti isiyo na maneno. Mwandishi alimpa mhusika wake elimu ya isimu, kisha akamwokoa kwa kipaji cha kuimba.

Haki inatutaka tuseme kwamba mchezo ulijisahihisha. Sehemu ya mwaka 2023 iitwayo "Lost in Translation" ndiyo, kwa maoni yetu, sehemu bora kuhusu lugha katika mchezo huu. Uhura anaanza kuona maono ya kutisha: maiti ya Hemmer, fundi mkuu aliyekuwa mwalimu wake, na ajali iliyowaua jamaa zake. Anadhani anapoteza akili. Hatimaye anatambua kwamba viumbe waishio ndani ya hewa inayochimbwa kwa ajili ya nishati ya merikebu wanakufa, na wanajaribu kulia. Hawana maneno, kwa hiyo wanaazima kumbukumbu zake na kuzifanya msamiati. Hapa hapana muujiza wa sauti tamu. Pana kazi ya mfasiri hasa: kuchukua taswira moja baada ya nyingine, kuuliza ina maana gani kwa msemaji wala si kwa msikiaji, kukosea, kurudia. Na pana bei ya kulipa, kwa kuwa msamiati wenyewe ni majeraha yake mwenyewe.

Kinyume cha hayo ni Gorn. Mwaka 1967, katika sehemu iitwayo "Arena", nahodha Kirk alipigana na kiumbe huyu mwenye umbo la mjusi, akamshinda, akakataa kumwua kwa kuwa alitambua kwamba huenda naye alikuwa akitetea kwao. Katika mchezo mpya Gorn wamegeuzwa wadudu wa kutagia mayai ndani ya miili ya watu. Wanatisha kweli, lakini katika merikebu yenye mjuzi wa lugha kama Uhura, miaka inapita kabla mtu hajatafuta kuelewana nao. Mwaka 2025 tu, katika "Terrarium", rubani Ortegas akiwa amekwama peke yake na Gorn mmoja, wawili hao wanajitungia ishara chache za kuelewana. Waokozi wanapofika, Gorn anapigwa risasi kabla ishara hizo hazijaelezwa. Ni mwisho mchungu, na tunaushukuru uchungu wake.

Ziko sadfa zinazostahili kutajwa. Sehemu ya mwisho ya fungu la kwanza ilionyeshwa tarehe 7 Julai 2022, siku ile ile Siku ya Kiswahili Duniani ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza. Siku chache kabla yake, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nchini na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Na tarehe 30 ya mwezi huo Nichelle Nichols akafariki dunia.

Tuliwaonyesha wanafunzi wetu wa kidato cha tatu tukio la nyota yenye mkia, tukawapa zoezi: liandikeni tukio hili kwa Kiswahili. Hatukutarajia matata yaliyofuata. Uhura anapoimba, jengo "limejibu", hapo walikubaliana. Lakini nyota yenyewe je? Msichana mmoja aliandika "nyota imejibu". Jirani yake akaandika "nyota amejibu", akatetea kwamba kitu chenye kusikia na kuitika kina uhai, na chenye uhai hakiwezi kupewa upatanisho wa meza na ndizi. Wa tatu akauliza kama Uhura angejua lipi la kuchagua kabla hajaanza kuimba, au baada tu ya kuitikiwa. Darasa likagawanyika pande mbili, na kengele ikalia hawajapatana. Madaftari tumeyakusanya, kumi na tisa wameandika "imejibu", kumi na wanne "amejibu", na mmoja ameandika yote mawili, la kwanza juu ya wimbo na la pili chini yake.