Hesabu ya Siku Tatu: Nani Abaki Melini katika Lethal Company

Michezo mingi ya kushirikiana humpa mchezaji kazi yake kabla hajaingia uwanjani. Huyu anachagua kuwa mganga, yule mpiga bunduki, na mchezo unawapa nguvu na silaha za kuendana na jina walilochagua. Lethal Company haina orodha ya aina hiyo. Wachezaji wanne wanavaa suti zilezile za rangi ya chungwa, wanakimbia kwa kasi ileile, na kila mmoja ana nafasi nne tu za kuwekea vitu. Hata hivyo, itazame timu inayojua inachokifanya: meli ikishatua kwa dakika moja tu, kila mtu ameshashika kazi yake na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mgawanyo huo umetoka kwenye bei za dukani, uzito wa mizigo, na umbali ambao sauti ya mtu inaweza kufika.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: uliundwa na mtu mmoja anayetumia jina la Zeekerss, na ukaanza kuuzwa Steam tarehe 23 Oktoba 2023 ukiwa bado haujakamilika. Wachezaji ni vibarua wa Kampuni, wanaorushwa kwenye miezi ya mbali iliyotelekezwa ili waingie kwenye majengo yaliyojaa viumbe wabaya na kutoka na skrepa. Kampuni inadai hesabu yake kama tajiri wa daladala. Kama njiani kulikuwa na abiria au hakukuwa, hilo si lake. Hesabu ya kwanza ni 130, na muda wa kuitafuta ni siku tatu. Usipoifikisha, kikosi kizima kinafukuzwa kazi kwa kutupwa nje ya meli, angani. Ukiifikisha, inayofuata ni kubwa zaidi, na inaendelea kupanda hivyohivyo bila kikomo. Siku moja huanza saa mbili asubuhi ya mchezo, na saa sita usiku meli inaondoka yenyewe, aliye nje abaki nje. Kwa saa ya ukutani kwako, hizo ni kama dakika kumi na kidogo.

Fedha ya kuanzia ni 60, na hapo ndipo uchambuzi wa kweli unapoanza. Tochi ya kawaida ni 15. Wachezaji wanne, tochi nne, jumla 60 kamili bila kubaki hata senti. Sidhani kama hesabu hiyo iliangukia hapo kwa bahati tu, maana ndilo jambo la kwanza ambalo kila kikosi kipya hulifanya: jengo ni la giza, kila mtu anataka taa yake. Kikosi hicho huingia ndani watu wanne na taa nne, na baada ya kona ya tatu kimeshatawanyika. Katika mchezo huu sauti husafiri kama inavyosafiri kwenye nyumba halisi. Mwenzako akiwa chumba cha pili unamsikia kwa mbali, akiwa ghorofa ya chini humsikii kabisa. Akifa, sauti yake inakatika katikati ya neno na hakuna tangazo lolote. Mara nyingi watu hugundua kwamba mwenzao hayupo pale tu wanapokutana mlangoni na kuhesabiana.

Redio ya upepo ni 12. Chukua redio mbili kwa 24 na tochi mbili kwa 30, jumla 54. Zile 6 zinazobaki hazinunui kitu chochote, lakini kwa manunuzi haya kikosi kimebadilika sura. Kwa kuwa taa ni mbili na watu wa ndani ni watatu, hakuna anayeweza kuzurura peke yake. Na kwa kuwa redio moja iko ndani, lazima nyingine iwe mahali fulani, na mahali penye maana ni melini, mbele ya skrini ya ramani. Kazi ya mtu wa melini imezaliwa hapo, kwa 24 tu.

Skrini hiyo huonyesha ramani ya mahali alipo mchezaji mmoja kwa wakati, na mtu wa melini anaweza kuhama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Anaona vyumba vilivyomzunguka mwenzake, anaona alama za skrepa, na anaona doti nyekundu ambazo ni viumbe. Anaona pia herufi na tarakimu zilizoandikwa juu ya milango mikubwa ya chuma, mabomu ya ardhini na bunduki za mtambo. Akiandika alama hizo kwenye kompyuta ya meli, mlango hufunguka au kujifunga, na bunduki au bomu huzima kwa sekunde chache. Sekunde hizo zinatosha mtu kupita, ili mradi aambiwe apite wakati gani. Mtu akijitegemea na bahati yake kwenye ukumbi wenye bunduki ya mtambo, anapoteza muda akijibanza nyuma ya ukuta. Kikosi chenye mtu wa melini kinapita bila kusimama.

Doti nyekundu haisemi ni kiumbe gani. Mtu wa melini aliyekaa pale kwa muda huanza kusoma mwendo. Doti inayokwenda mbio kwenye ukumbi ulionyooka kisha ikapoteza kasi kwenye kona huenda ni Thumper, na mlango wa chuma ukifungwa mbele yake kazi imekwisha. Doti inayosogea kidogo, ikasimama, ikasogea tena, kila mara upande ambao wenzako hawautazami, ni Coil-Head, yule anayeganda akitazamwa na kuruka akiachwa. Doti inayomfuata mtu nyumanyuma kwa ustaarabu ni Bracken, na huyo dawa yake ni kumgeukia, kumtupia jicho, kisha kuondoa jicho. Ukimkazia macho anakasirika. Haya yote hayasaidii kitu kama hakuna redio ya kuyasema.

Lakini kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Mtu anayekaa melini habebi skrepa. Umepunguza robo ya mikono ya kubebea, na hesabu hulipwa kwa skrepa peke yake. Wachezaji wengi wanaokataa kazi hii wanasimamia hapo, na wangekuwa sahihi kama kazi yenyewe ingekuwa kukaa tu. Tatizo ni kwamba wanaifikiria kama kiti, wakati inapaswa kubadilika kadiri jua linavyosogea. Asubuhi hadi alasiri, nje huwa na utulivu wa kiasi. Wenzake wa ndani hawana haja ya kutembea hadi melini na kurudi. Wanarundika mizigo mlangoni, na mtu wa melini anatoka, anaibeba, anairudisha, kisha anakaa kwenye skrini mpaka aitwe tena. Safari ndefu ya nje ndiyo inayokula muda kwenye mwezi kama Experimentation au Assurance, na yeye ameichukua yote. Jioni, majitu na mbwa wasio na macho wanapoanza kuzunguka, anaacha kutoka na kuwa macho ya kikosi. Kikiendeshwa hivyo, kile kinachoitwa hasara ya robo kinatoweka.

Kwenye dhoruba mpango huu unahitaji tahadhari. Skrepa ya chuma huvuta radi, na kabla ya pigo huanza kutoa cheche. Mbebaji wa nje anayeona cheche mikononi aangushe mzigo na kukimbia, asijitie ushujaa.

Ndani ya jengo, kazi mbili zinajitenga zenyewe kwa sababu ya uzito. Kila kitu ulichobeba kinakupunguzia kasi na pumzi. Injini na ekseli kubwa zinahitaji mikono yote miwili, na aliyezikumbatia hawezi kutumia kitu kingine alichonacho mpaka azitue. Kwa hiyo anayebeba anahitaji asiyebeba. Huyo wa pili anatembea na beleshi, ambalo ni 30, na nafasi zake tatu zilizobaki zinapokea vitu vidogo tu. Kwa nini beleshi liwe kwa mwenzako na si kwako? Kiumbe anayeitwa Snare Flea anajibu swali hilo. Hukaa darini, humwangukia mtu kichwani na kumziba uso, na aliyevamiwa hawezi kujipiga mwenyewe. Beleshi lililo mkononi mwa mtu aliyekwenda peke yake ni uzito wa bure siku hiyo. Coil-Head naye anadai wawili: mmoja anamkodolea macho huku akirudi kinyumenyume, mwingine anatoa mzigo.

Silaha nyingine sizioni kuwa na maana kwa kikosi kinachoanza. Bunduki ya umeme inauzwa 400, inamtaka anayeitumia asimame akipambana nayo, na anahitaji mwenzake wa kumpiga kiumbe wakati huohuo. Kwa fedha hiyo unapata kitu bora zaidi, nacho ni teleporta ya 375.

Teleporta ndiyo inayomaliza ubishi wa mtu wa melini. Anabonyeza kitufe, na yule anayeonekana kwenye skrini anavutwa hadi melini, awe hai au maiti. Hesabu yake ni hii: kila aliyekufa na mwili wake ukaachwa huko, Kampuni hukata asilimia 20 ya fedha mlizonazo, mwili ukirudishwa, makato yanashuka hadi asilimia 8. Wakifa wote wanne, skrepa yote iliyokuwa melini inapotea pia. Maana yake ni kwamba mtu mmoja aliye salama melini ni kinga ya kazi ya siku zote tatu, hata kama hakugusa skrepa hata moja. Hili hufahamika zaidi siku ya tatu, kwa sababu Kampuni hulipa sehemu ndogo tu ya thamani kwa anayeuza mapema na hulipa kamili muda unapokwisha, kwa hiyo vikosi vyenye akili huwa vimerundika kila kitu melini mpaka mwisho.

Ila teleporta ina sharti linalowaponza wengi: anayevutwa akiwa hai huacha vitu vyake vyote alipokuwa amesimama. Ukimvuta mtu aliyebakiza hatua kumi kufika mlangoni na mzigo wake, umemwokoa kutoka kwenye hatari ambayo pengine haikuwepo, na mzigo umebaki ndani. Mtu wa melini mwenye wasiwasi ni hasara. Mzuri huuliza kwanza kwenye redio, husikiliza jibu, na akikosa jibu ndipo hubonyeza. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kumwachia kazi hii mgeni au mwoga, eti kwa kuwa hatauawa. Anayekaa pale anatakiwa kuwajua viumbe wote kwa mwendo, kuandika haraka bila kukosea herufi, na kujua wakati wa kuwaambia wenzake watoke wote. Kiumbe anayeitwa Jester akianza kuzungusha mkono wa sanduku lake, hakuna beleshi wala mlango wa kusaidia. Jengo lazima liachwe tupu ndipo atulie. Amri hiyo ikitolewa na mgeni anayesitasita, imechelewa.

Na usiku anatakiwa ajue kunyamaza. Mbwa wasio na macho husikia sauti halisi ya mchezaji kupitia maikrofoni yake, na mtu anayepiga gumzo melini huwaita mpaka mlangoni, njia ileile ambayo wenzake wanarudi nayo wakiwa wamelemewa na mizigo. Kuanzia saa mbili za usiku za mchezo, maneno machache, tena ya chini.

Vifaa vilivyobaki vinapitwa haraka. Redio ya muziki ya 60 ni starehe, na siwalaumu wanaoinunua baada ya wiki mbaya. Tochi kubwa ya 25 inang'aa na kudumu kuliko ya kawaida, basi mpeni anayetangulia. Kifungua kufuli cha 20 kinafaa kikosi kilichokwisha kuwa na redio. Roketi ya mgongoni ina bei ya kikosi ambacho tayari hakina shida ya hesabu.

Mkiwa wawili tu, mambo mengi niliyosema yanageuka. Hapo hakuna wa kukaa melini kabla ya teleporta; ingieni wote, mmoja na tochi, mwingine na beleshi, jumla 45, na tokeni kabla jua halijazama hata kama ndani bado kuna kitu. Mkishapata ile 375, mmoja wenu abaki, na huyo wa ndani abebe vitu vidogo vya thamani, ekseli aziache.