Neno Ambalo Ukuni Haukuwahi Kulisema

Mswahili anayeanza kujifunza Kiindonesia hupokewa kama mgeni aliyefikia kwa jamaa. Siku za mwanzo anakuta dunia ni *dunia*, bendera ni *bendera*, wakati ni *waktu*, sababu ni *sebab*. Akijuliwa hali kwa *apa kabar* huisikia habari humo ndani, na akitakiwa aende polepole huambiwa *pelan-pelan*. Ngeli hakuna. Kitenzi nacho hakibebi wakati: lililokwisha hutanguliziwa *sudah*, lijalo *akan*, na kijana akiulizwa kama ameshaoa hujibu *belum*, ambayo ni "bado" tupu. Aghalabu hapo ndipo wanafunzi wanapoihukumu lugha hiyo kuwa nyepesi, na hukumu hiyo huwafuata hadi kwenye ushairi wake.

Shairi linaloipinga vizuri zaidi ni "Aku Ingin", alilolitunga Sapardi Djoko Damono mwaka 1989 na likaingia katika diwani yake *Hujan Bulan Juni* ya mwaka 1994. Sapardi, aliyezaliwa Surakarta mwaka 1940 na kufariki mwaka 2020, ametunga hapa beti mbili za mishororo mitatu mitatu, mshororo wa kwanza ukirejea neno kwa neno mithili ya kibwagizo kilichohamia kichwani. Vina hakuna wala mizani ya kuhesabu, na anayeshikilia kwamba pasipo hivyo hakuna shairi (Pwani hawakosekani) atasita mlangoni. Msamiati ni wa jikoni na uani: ukuni, moto, jivu, wingu, mvua. Mpenzi ataka kupenda kama ukuni uliokuwa na neno la kuuambia moto kabla haujawa jivu, na kama wingu lililokuwa na ishara kwa mvua iliyolimaliza.

Ataka kupenda *dengan sederhana*. Kamusi husema "kwa urahisi", na anayefuata kamusi ameliua shairi katika mshororo wa kwanza. *Sederhana* husemwa juu ya nyumba, chakula na mavazi yasiyojitukuza; Kiswahili kina lake, nalo ni "bila makuu". *Kata* humshtua Mswahili kwa sauti ya kisu, kumbe ni neno. *Isyarat* ya ubeti wa pili ni ishara yenyewe. Basi kutoka ubeti hadi ubeti hata usemi umepunguka: kwanza palikuwa na neno, kisha imebaki ishara.

Lakini moyo wa shairi uko katika neno dogo *sempat*, ambalo husikika kila siku kwa mtu aliyekosa wasaa wa kula au wa kupita sokoni. Hapa Kiswahili kina bahati isiyo ya kila lugha, maana kina "kuwahi". Neno la ukuni halikukatazwa wala halikusahauliwa, halikuwahi. Halafu sarufi yakamilisha kazi. Kitenzi cha kutamka kimewekwa katika kauli ya kutendwa, kwa kiambishi *di-*, hivyo neno hutangulia na msemaji hufuata. Mshororo wa pili waisha kukiwa na neno lisilotamkwa na msemaji hajaonekana. Ukuni watokea mwanzoni mwa mshororo wa tatu, na tayari umekaa ubavuni mwa moto. Anayejua maana za maneno bila kujua *di-* hataisikia kabisa kuchelewa huko.

Tafsiri ya Kiswahili ina faida moja ambayo hata asili haina. Moto ni "u", ukuni ni "u". Katika "uliougeuza" mchomaji na mchomwaji wamevaa silabi moja, sikio halijui yupi ni yupi. Katika ubeti wa pili faida hiyo yageuka hasara. Mvua ni "i", wingu ni "li", na "iliyoliondoa" yawatenganisha wawili waliotakiwa wayeyukiane. Kiindonesia hakina shida hiyo: kitenzi *menjadikannya*, chenye mzizi *jadi*, kuwa, chasimama vilevile katika beti zote mbili. Mfasiri hapaswi kukubali hasara hiyo kimya kimya. Heri atafute kitenzi kingine, au aache kiambishi cha mtendwa.

Indonesia shairi hili limeimbwa, na limechapwa mara nyingi kwenye kadi za harusi. Wapo wahakiki watakaocheka kwamba maarusi wamejichagulia jivu. Kicheko hicho chafaa kipimwe kwa sarufi. Anayesema ni *aku*, "mimi" wa faragha, si *saya* anayetumiwa mbele ya mwalimu au mgeni. Anayeambiwa ni *-mu*, kiambishi kilichobandikwa mwishoni mwa kitenzi cha kupenda. Nje ya mshororo ule unaorejea, wote wawili hawatajwi tena. Hakuna mahali panaposema kwamba ukuni ni *aku* wala kwamba moto ni *-mu*. Ni msomaji anayewagawia, na bibi na bwana harusi wana haki ya kugawana wapendavyo.