Usaili wa Tezo

Kwenye ufukwe wa Bagamoyo, pale vyombo vinapokwezwa kwa matengenezo karibu na soko la samaki, hakuna anayeambiwa, "Jieleze kwa ufupi." Kijana anayetafuta kibarua hufika asubuhi, husema, "Shikamoo, fundi," huitikiwa, "Marahaba," kisha huulizwa amefunzwa na nani. Akishamtaja mzee wake wa Mlingotini au Kunduchi, mahojiano ya mdomo yamekwisha. Yaliyobaki ataulizwa na mbao.

Kinachotazamwa kwanza ni tezo. Makali yaliyotunzwa na mpini uliolainishwa na kiganja cha mwenyewe humsemea kabla hajafungua mdomo. Kisha hupewa kigogo cha mkomafi kilichopinda, atoe taruma, ule ubavu unaozishika mbao za chombo kwa ndani. Mchoro hakuna, jahazi hujengwa kwa jicho. Anayeijua kazi haanzi upesi. Hukigeuza kigogo, huzifuata nyuzi zake kwa kidole gumba, hutafuta mpindo uliokwisha kuwamo, kwa kuwa taruma lililochongwa kinyume cha nyuzi litapasuka siku bahari itakapochafuka. Ndipo tezo inaposhuka, na maganda membamba yanaruka katikati ya miguu yake. Baada ya mapigo kadhaa hulipeleka taruma mahali pake, hulipima, hulirudisha chini. Fundi yuko upande wa pili, anajifanya anatoboa kwa keekee, kumbe anazifuatilia safari hizo. Asiyekwenda kupima anajiamini kupita kiasi. Anayekwenda kila pigo bado hajaliona umbo kichwani.

Kalafati ni mtihani mgumu zaidi. Pamba husokotwa, hutiwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo kwenye mwanya wa ubao na ubao. Ikiwa haba, maji yataingia. Ikizidi, itazisukuma mbao zitengane. Kipimo chake kimo sikioni: mlio wa nyundo huwa mzito pamba ingali legevu, kisha hukaza na kuwa mkavu mwanya ukishajaa. Mwenye sikio huacha hapo bila kuambiwa. Kwa hiyo fundi anaweza kumsaili mtu huku amempa kisogo.

Ipo sifa nyingine isiyoonekana kwenye tezo. Chombo cha zamani hakikosi ubao uliooza au msumari ulioliwa na kutu, na ni rahisi kuujaza pamba ukapita zako. Fundi anangoja kusikia, "Fundi, hebu njoo utazame hapa." Anayesema hivyo amepata kazi, hata kama tezo yake ni ya kuazima. Ubovu wa nyumba huonekana ukutani, mwenye nyumba akiwa amekaa kitini. Wa jahazi hujitokeza katikati ya mkondo wa Zanzibar, na watu wamo ndani.

Mji huu una mazoea ya zamani ya kumpima mtu kwa alichokwisha kukifanya. Karne ya 19 misafara ya bara ilitokea hapa, na mpagazi alijitwika frasila mbili hivi, kilo 30 na ushei, hadi Tabora na Ujiji. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mmisionari na mvumbuzi Livingstone, aliyemweka juu ya askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Sifa za Bombay zilikuwa miguuni: alikwisha kufika Ziwa Tanganyika pamoja na wavumbuzi Burton na Speke mwaka 1858.

Maofisini mambo ni magumu zaidi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husaili maelfu, haiwezi kumpa kila mtu kutwa nzima. Hata hivyo madereva hufanyiwa usaili wa vitendo, na busara hiyo ingefaa ienee: mhasibu apewe hesabu zenye kosa, mwalimu apewe darasa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; usaili wa maneno matupu humpa kibaya uwanja wa kujitembezea.

Lakini kazi ya mtu haimsemei mbele ya asiyeijua. Fundi hunyamaza na kuona kwa sababu yeye mwenyewe amechonga miaka mingi. Msaili asiyewahi kuifanya kazi anayoiajiria hana budi kuuliza maswali, na mwisho wake humchukua aliyejibu vizuri.